Jiko la Presha ni Zuri, Lakini LUKU Ananunua Nani?

Jiko lilikuwa juu ya kabati la vyombo, ndani ya boksi lake, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Nililinunua Kahama mwaka jana kwa laki moja na sabini, nikalipakata kwenye gari hadi Katoro, nikamkabidhi wifi yangu kwa mbwembwe zote. Miezi saba baadaye naenda kumtembelea, nalikuta na nailoni yake ya dukani. Na uani, juu ya jiko la mkaa, maharage yanachemka tangu saa nne asubuhi.

Sidanganyi, roho iliniuma. Laki na sabini, msomaji wangu, si pesa ya kununulia pambo la kabati.

"Wifi, kwani zawadi yangu hukuipenda?"

Akacheka kwa aibu. "Naipenda wifi yangu. Ila kaka yako anasema hilo jiko linakula umeme."

"Mmelijaribu?"

"Hapana."

Ndipo nikauliza swali ambalo ningelitanguliza kabla sijafungua pochi pale Kahama: humu ndani mkaa ananunua nani, na LUKU ananunua nani? Akanijibu bila kufikiri. Mkaa ananunua yeye, kwenye pesa ya matumizi anayoachiwa asubuhi. LUKU ananunua kaka. Kumbe nilichompelekea si jiko tu. Nilichukua gharama ya kuchemsha maharage kwenye pochi ya mke nikaihamishia kwenye simu ya mume, tena bila kumuuliza mwenye simu. Unategemea alipokee kwa vigelegele?

Kaka yangu ni mchenjuaji. Pesa yake inapatikana mawe yakishapita kwenye karasha, na mawe yana siku zake. Kuna wiki anashika laki tano, kuna wiki anakopa hadi nauli ya bodaboda. Mtu wa namna hiyo anamwogopa kila mdudu anayekula pesa bila yeye kuona. Mkaa anauona unavyopungua. Umeme anausikia tu mita ikianza kulia usiku.

Tukaamua kupima

Sikutaka tubishane kwa maneno. Maharage yale ya uani yalikuwa yameshakula makopo mawili ya mkaa, kopo buku, na yalikuwa bado magumu. Tukachambua mengine, kilo moja, hayakulowekwa. Tukazima friji na runinga, tukasoma mita: 38.6. Maharage ndani, maji, mfuniko ukafungwa, vali ikageuzwa, dakika arobaini. Wifi akasimama mlangoni, mguu mmoja nje, maana alishasikia kwamba majiko haya yanalipuka.

Muuzaji wa Kahama aliniambia dakika ishirini. Si kweli. Presha yenyewe ilichukua kama robo saa kupanda, zikaja zile arobaini, kisha tukasubiri mvuke ushuke wenyewe. Jumla saa moja na robo. Lakini katika muda huo hakuna aliyepuliza moto wala kuongeza maji, na wifi alifua nguo za watoto zote. Maharage yakatoka yameiva mpaka yanapondeka kwa kidole. Tukarudi kwenye mita: 38.1.

Nusu uniti. Wifi akaniangalia, akaiangalia mita tena kana kwamba imemdanganya.

Siri yake si kubwa. Kanda yetu hii iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji kwenye sufuria ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki mia. Ndiyo maana maharage yanakusumbua hata ukimwaga gunia zima la mkaa. Ndani ya jiko la presha mvuke hauna pa kutokea, joto linapanda kupita nyuzi 110. Halafu jiko lenyewe limevishwa koti, likishapata joto linajizima, linawaka kidogo kidogo tu. Usilifananishe na lile jiko la koili ambalo linawaka muda wote na nusu ya joto linapashia ukuta. Lile koili ndilo lililoupa umeme jina baya majumbani. Shirika la TaTEDO la Dar es Salaam, likishirikiana na watafiti wa Uingereza, liliwahi kuzipa familia za Dar majiko ya umeme na kuziomba ziandike kila zilichopika, na jiko la presha ndilo lililong'ara kwa vyakula vya kuchemka muda mrefu: maharage, makande, nyama ngumu, utumbo, kongoro.

Sasa hesabu. Bei za umeme zilizopangwa na EWURA mwaka 2016 zinamweka mteja wa kawaida kwenye shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha VAT, REA na EWURA yenyewe unapata kama 356. Nusu uniti ni kama 180. Weka 180 pembeni ya elfu mbili ya mkaa, halafu niambie.

Ila tahadhari moja, na hii wauza majiko hawaitaji. Kama uko kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale wa shilingi 100 kwa uniti, una mpaka wa uniti 75 kwa mwezi. Inayozidi hapo inauzwa 350 kabla ya kodi. Maharage mara mbili tatu kwa wiki, wali kila jioni na nyama za Jumapili vinaweza kukuongezea uniti kumi na tano hivi. Kama ulikuwa unaishia hamsini, huna wasiwasi. Kama ulikuwa unagusa sabini, piga hesabu vizuri, nenda ofisi ya TANESCO uulize uko kundi gani. Mkaa bado utakuwa ghali zaidi kwa maharage, lakini bora ujue mapema kuliko kuja kumlaumu shetani.

Kuna na mambo madogo ya usalama. Jiko lina wati 1,000, lichomeke kwenye soketi ya ukutani, usilining'inize kwenye ekstensheni ya buku tano pamoja na pasi na redio. Maharage na vyote vinavyotoa povu usivuke nusu ya sufuria. Usifungue mfuniko kwa nguvu, kile kipini kikishuka chenyewe utafungua kwa kidole kimoja. Na umeme ukikatika presha ikiwa imeshapanda, wala usihangaike, liache hivyo hivyo; joto lililomo litaendelea kuivisha.

Ugali je?

Hapa nitasema ukweli hata kama itaniharibia. Ugali halisongi. Nimejaribu mwenyewe: sufuria ya ndani ilizunguka pamoja na mwiko, nikailalia kama nakamata mbuzi, mwisho nikapata uji mzito wenye mabonge. Sasa Usukumani mtu akila wali anauliza chakula kitaletwa saa ngapi. Kwa hiyo jiko la mkaa, au la gesi kama unalo, halihami uani. Linachohama ni lile chemsho la saa tatu. Ukiambiwa jiko hili litakufuta mkaa moja kwa moja, mwambie huyo muuzaji aje asonge.

Niliporudi nilipitia Shinyanga mjini kumsalimia mama mdogo, na huko nilikuwa na nia ya kununua la pili. Sikununua. Mama mdogo amepanga chumba na sebule kwenye nyumba ya wapangaji watano, mita moja, kila mwezi wanachanga sawa. Mwenye nyumba amekataza pasi, hita na jiko la umeme. Nikaanza kumtetea mama mdogo kwa kelele, yeye akanikatisha.

"Mwanangu, hata mimi ningekataza. Mmoja apike makande, wanne wamlipie? Hiyo ni vita."

Ana haki. Mpaka mwenye nyumba aweke mita ndogo za kila chumba, jiko la umeme pale litampatia maadui wanne kwa bei ya laki na sabini. Mama mdogo si kwamba anaupenda mkaa. Amekulia Shinyanga ile iliyokuwa imefyekwa kwa ajili ya pamba na mifugo, wakipikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe kwa sababu kuni zilikuwa safari ya siku. Anaukumbuka mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986, watu wakahimizwa kurudisha ngitili zao, miti ikaanza kuonekana tena. "Sasa ile miti ndiyo mnayokula huko kwenye dhahabu," akanitania. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Ni jambo jema, sikatai. Ila ningefurahi kumwona mtu wa mkakati akikaa na mama mdogo na wapangaji wenzake siku ya kuchanga LUKU.

Turudi Katoro, maana kesi ilikuwa haijaisha. Jioni ile kaka alikuja, akala, akasifu maharage, akaambiwa yamepikwa saa nane mchana. Hakuamini. Akaonyeshwa mita. Akanyamaza, kisha akasema, "Dada, leo nusu uniti. Kesho atapika wali, keshokutwa atachemsha maji ya kuoga, mtondo nitakuta anachemshia majirani." Na mimi sikuwa na jibu, kwa sababu anayelipa ni yeye.

Usiku tukiosha vyombo wifi akaniambia ambacho hakukisema mchana. Kwenye pesa ya mkaa huwa anabakiza. Akiambiwa mkaa ni elfu tatu, ananunua wa elfu mbili, anapika kwa kubana, na ile buku ndiyo inalipa mchezo wake wa wanawake wa mtaani. Hana pesa nyingine iliyo yake. "Wifi, mkaa ukiisha humu ndani, na mimi nimeisha," akasema. Nikaacha sahani kwenye maji. Miezi saba nilikuwa namwona mshamba anayeogopa jiko! (Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya. Akasema andika tu, kaka yako hasomi magazeti ya wanawake.)

Tukakaa tukapanga. Asubuhi yeye mwenyewe, mbele yangu, akamwambia mumewe: matumizi yabaki yale yale, yasipunguzwe hata mia. Kila Jumatatu yeye atanunua LUKU ya elfu tatu kutoka humo humo kwa ajili ya jiko, na mkaa wa ugali atanunua yeye kama zamani. LUKU ya friji, taa na runinga ibaki kwa baba. Kaka akatafuta kosa kwenye hiyo hesabu, hakuliona, akavaa kofia yake akaenda kwenye mwalo.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ununue, sitaanza na bei. Nitakuuliza unachemsha nini na mara ngapi kwa wiki. Kama kwako ni ugali, dagaa na mchicha, weka pesa yako, dagaa hawahitaji presha. Mita ni yako peke yako? Halafu lile la tatu, ambalo mnaweza kulizungumza leo mkiwa mmeshiba: pesa ya LUKU ya kupikia itashikwa na nani. Kama jibu ni "tutaona", liache dukani kwanza.

Wifi yangu analitumia mwezi wa tano sasa. Kaka bado anachungulia mita kila akirudi, na wiki aliyokosa kabisa mawe ya kusaga alimwomba wifi amkopeshe uniti za taa. Akamkopesha. Juzi kanitumia ujumbe: ule mpira wa mfuniko umeanza kulegea, mvuke unapita pembeni, Katoro hajaupata, je, Kahama wanauza? Nimempigia muuzaji wangu. Anao. Nimemwambia anifungie miwili.