Mlezi wa Kila Jumanne

Anayekwenda kujitolea kulea watoto kwenye kituo cha mtaa huulizwa kwanza kama anapenda watoto. Swali hilo halina ubaya, ila halipimi kitu. Nani atabisha hodi kituoni aseme hawapendi? La kumuuliza ni hili: Jumanne ijayo utakuja? Na Jumanne ya mwezi ujao je?

Uzito wa swali hilo ulianza kuonekana hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, akaanza kuzitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya jirani, zenye watoto wadogo 28. Kila baada ya wiki mbili alikaa nao saa mbili hivi, akitazama mtoto anamfuata nani, anamlilia nani, anarudi kwa nani akiogopa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Watoto wale walikuwa na watu wao: mama kwa kawaida, lakini pia baba, bibi au ndugu mkubwa. Hawakumshika kila aliyewabeba. Zaidi ya hapo, watoto waliotulia, wenye kuthubutu kutambaa mbali kidogo na mama wakacheza, mara nyingi mama zao ndio waliokuwa hodari wa kumsimulia mtafiti vitu vidogo vidogo vya mtoto wao. Walikuwa wanamsoma.

Kumsoma mtoto kunataka muda. Mtoto wa miezi tisa hasemi kwamba amechoka. Husugua macho, huvuta sikio, hugeuza uso pale unapomchekea. Mwingine huchangamka kupita kiasi, na mgeni akadhani ni furaha kumbe ni usingizi. Mlezi aliyemzoea huziona dalili hizo kabla kilio hakijaanza, akajibu. Wataalamu huliita jambo hilo malezi yenye mwitikio. Ni moja ya nguzo tano za mwongozo wa malezi uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia. Nyingine ni afya, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama.

Tanzania imezibeba nguzo hizo hizo katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto hadi miaka minane. Vituo vya kijamii vya kulelea watoto mchana vimo ndani ya mpango huo, na vingi haviwezi kwenda bila watu wa kujitolea.

Hapo ndipo penye mtego. Watu kumi na wawili wakijitolea, kila mmoja akija anapopata nafasi, daftari la zamu litajaa vizuri na mwenyekiti wa kamati atafurahi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, hizo ni sura kumi na mbili zinazokuja na kupotea. Utafiti uliofanyika Bucharest, Romania, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi katika makao ambako walezi walibadilishana zamu na mmoja alihudumia wengi. Nusu yao walihamishiwa kwa familia za kambo. Hao walipiga hatua kuliko wenzao, hasa waliohama kabla ya kufikisha miaka miwili hivi. Kituo cha mtaa si makao, bila shaka. Jioni mtoto anarudi kwa mama yake. Lakini saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, si muda wa kupuuza.

Dawa yake haina gharama kubwa: kila mtoto apewe mlezi wake, na kila mlezi apewe watoto wachache, siku zilezile. Uingereza sheria inataka mtu mzima mmoja kwa watoto watatu wasiofikisha miaka miwili. Vituo vyetu vingi haviufikii uwiano huo, na hiyo ndiyo sababu ya kuwahitaji wa kujitolea kwenye chumba cha wachanga kuliko kwingine kokote.

Mambo mengine hufundishika kwa asubuhi moja. Mtoto mchanga alazwe chali, pasipo mto wala kanga nzito karibu na uso. Marekani ilipoanza kuhimiza hivyo mwaka 1994, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Mikono inaoshwa kwa sabuni kila baada ya kubadilisha nepi, hata kama mtoto wa pili anasubiri akilia. Karanga nzima na mbegu za ubuyu hazipewi wadogo, kwa kuwa hukwama kooni. Asali haitolewi kabla ya mwaka mmoja. Na hakuna anayejitolea, awe mgeni au mjumbe wa nyumba kumi, anayebaki peke yake na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa. Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa haitoshi kuondoa sharti hilo.

Lililo gumu zaidi ni kuagana. Akina mama wengi husubiri mtoto ageukie mwanasesere, kisha wakanyata na kutoweka, na walezi huwasaidia kwa nia njema. Mtoto akigeuka hamwoni mama, na kesho yake hatamwachia hata pindo la gauni. Ni afadhali aagwe waziwazi, kwa maneno mafupi, alie dakika chache mikononi mwa mtu anayemfahamu.

Kila mwaka kuna vijana waliomaliza kidato cha sita ambao wana miezi michache ya kungoja chuo, wana nguvu na wanataka kusaidia. Kuwakataa itakuwa hasara. Hawa wapewe watoto wa miaka minne na mitano, ambao wanaweza kuelezwa kwamba dada ataondoka mwezi wa kumi na wakaelewa. Wapewe pia kukoroga uji, kuosha vitu vya kuchezea, kuchota maji. Mlezi wa wachanga akipunguziwa kazi hizo, anapata nafasi ya kukaa mkekani na watoto wake watatu.