Net slow nyumbani? Pima kwanza, halafu ndio ulipie faiba

Mwezi uliopita dada wa mwenzetu mmoja hapa ofisini alirudisha shilingi 2,000. Anaishi Munyaka, Eldoret, na jioni hufundisha hesabu kwa video. Wazazi humlipa kwa simu, shilingi 400 kwa somo. Masomo matano yalikatika katikati, picha ikiganda, sauti ikipotea, na wazazi wakadai pesa zao. Akaturejeshea, sorry, akawarejeshea wao, halafu akatupigia sisi. Swali lake lilikuwa moja tu: nihamie faiba ama nivumilie?

Tulimwambia asilipe chochote kwanza. Achukue laptop, aiunganishe na ruta kwa waya, apime spidi. Yeye hulipia Mbps 10 za intaneti isiyo ya waya, ile ya antena juu ya paa. Saa nne asubuhi kwa waya alipata 9.4. Akaenda chumbani, mahali anapofundishia, akapima kwa Wi-Fi: 2. Kumbe mchana shida haikuwa kwa kampuni, ilikuwa ndani ya nyumba. Ruta ilikuwa nyuma ya TV, ndani ya kabati, na kati yake na chumba kuna kuta mbili za mawe. Tena paswedi ilikuwa ile ile tangu ahamie, na watoto wa ploti nzima wanaijua. Simu 11 zilikuwa zimeingia!

Akaitoa ruta kwa kabati, akaiweka juu kwenye korido, akabadilisha paswedi. Chumbani ikapanda hadi 7. (Kama ruta yako ina majina mawili ya Wi-Fi, ile ya 5 GHz ina kasi zaidi lakini haipiti ukuta vizuri. Ya 2.4 GHz hufika mbali ila ni polepole.)

Na hapa wengi huchanganyikiwa: Mbps 10 si megabaiti 10. Baiti moja ni biti nane, kwa hivyo ukigawanya unapata megabaiti 1.25 kwa sekunde. Filamu ya GB 1 itachukua kama dakika 13 hivi. Hujaibiwa.

Lakini somo la jioni bado lilikatika. Akapima tena kwa waya, saa mbili usiku, siku tatu mfululizo: 3 kushuka, na ya kupandisha haikufika hata 1. Hiyo sasa haitibiwi kwa kuhamisha ruta. Ni watu wengi kwenye antena moja wakati kila mtu amerudi nyumbani. Na kwa mtu anayefundisha kwa video, spidi ya kupandisha ndiyo muhimu, ingawa matangazo hayapendi kuitaja. Alipeleka zile namba kwa kampuni yake, akajibiwa azime ruta na kuiwasha. Haya.

Kumbuka pia kuna siku shida iko mbali kabisa na Eldoret. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na net ikawa slow Kenya nzima pamoja na majirani. Siku kama hiyo hata mwenye faiba analia, kwa hivyo usihame kwa hasira ya wiki moja.

Hesabu yake ilikuwa hivi: faiba aliyotajiwa ni shilingi 1,000 zaidi kwa mwezi, na yeye amepoteza 2,000. Kwake inalipa. Kama wewe net yako ni ya WhatsApp na video za jioni tu, au unahama nyumba mwezi ujao, sisi tungesema subiri. Antena au kisanduku cha 5G unaweza kuhama nacho. Faiba inategemea kama mtaa unaokwenda una nyaya, na landlord lazima akubali ukuta utobolewe. Wa Munyaka alikataa mara ya kwanza. Wapangaji wengine wawili walipoomba pia, akakubali.

Kisha akaja kijana mlangoni na beji shingoni, akasema atume 3,000 kwa namba yake ili "awekwe mbele ya foleni". Dada alianza kutuma, jina likatokea, na lilikuwa la mtu binafsi. Akasimama kabla ya PIN. Kampuni ya intaneti hulipwa kwa Paybill au Till yenye jina la kampuni, basi. Akipiga simu au akija mwenyewe na namba ya kibinafsi, mwambie arudi kesho.

Alilipa kwa Paybill. Namba ya akaunti aliisoma mara mbili, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa unamlipia jirani, na kurudisha huchukua muda. Ujumbe wa malipo hajaufuta. Mafundi walipokuja siku ya tatu, hilo ndilo jambo la kwanza waliloulizia.