Usichanganye kompaundi na polishi mu chupa moja: somo nililolipia dola 130



Wengi wenu munajua kama nilimaliza lisansi ya kemia. Munajua tena kama leo ninakula kwa jasho la kupolisha magari hapa Lubumbashi. Wamoja wananiuliza kama sisikii haya. Hiyo tutaongea siku ingine. Leo nataka kueleza kosa moja la kazi hii, juu naona vijana kati yetu wanaianza na wanalifanya vilevile: kuchanganya kompaundi na polishi, ili kazi ya siku nzima iishe kwa masaa mawili.

Tuanze na rangi yenyewe. Rangi ya magari mengi ya leo haiko tabaka moja. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu na la kushikisha rangi, halafu rangi, halafu juu kabisa verni, lile tabaka lisilo na rangi ambalo njo linang'aa. Kwa gari iliyotoka kiwandani, yote pamoja yanafika mara nyingi mikroni 100 mpaka 150. Verni peke yake iko kwenye mikroni 35 mpaka 50 hivi. Mikroni moja ni milimita moja ukiigawanya mara 1000. Kwa hiyo kitu tunachofanyia kazi ni chembamba kuliko karatasi ya daftari. Kila ukipolisha unaondoa kidogo, na kile umeondoa hakirudi.

Sasa mikwaruzo inatoka wapi? Hapa kwetu, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, vumbi jekundu linalala juu ya kila kitu. Ndani yake muna chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko verni mara nyingi. Kijana wa kuosha gari anachukua ndoo moja na kitambaa kimoja, anasugua ile vumbi juu ya kapo. Ukisimamisha gari ku jua, unaona duara nyembamba nyingi kama utando wa buibui. Ku gari nyeusi njo zinaonekana zaidi.

Ule mkwaruzo hauko alama ya rangi. Ni bonde dogo mu verni. Mwanga ukifika pale unatawanyika, njo maana jicho linaona weupe. Kuuondoa maana yake ni kushusha uso wa verni mpaka ukaribie chini ya bonde, halafu kuulainisha. Kila dawa ina kazi yake. Kompaundi inakata: chembe zake, mara nyingi oksidi ya alumini, ni kubwa zaidi, zinaondoa haraka, lakini zinaacha alama zao. Polishi ina chembe ndogo, inafuta zile alama. Nta haikati kitu, inafunika na kulinda.

Mimi nilijiona mwerevu kuliko chupa. Mwezi wa tisa, papa mmoja wa Bel-Air aliniletea Toyota Noah nyeusi. Alikuwa anaoza binti yake siku ya posho na alitaka gari ing'ae. Tulipatana dola 50. Magari mawili yalikuwa yananingoja nyuma. Bon, nikachukua chupa tupu, nikatia kompaundi nusu, polishi nusu, na nta kidogo. Nilijiambia: chembe kubwa zitakata, ndogo zitalainisha, nta itafunga, yote kwa mara moja. Gari ilitoka kama kioo. Papa alicheka, akalipa, akaenda.

Baada ya ndoa, baada ya kuioshesha mara tatu na mvua ya kwanza, akarudi saa sita za mchana. Hakupiga kelele. Alisimamisha gari ku jua kali, akaniita nikaribie.

— Mutoto, ulinipakalia paka mafuta. Angalia weye mwenyewe.

Niliangalia. Utando wa buibui ulikuwa palepale, na juu yake ukungu mweupe wa mizunguko ya mashine yangu. Gari ilikuwa mbaya kuliko siku aliileta.

— Papa, munisamehe. Nitairudilia, hamutalipa kitu.

Niliirudilia siku ileile, na haya yakanifanya nikandamize mashine. Ku ukingo wa kapo, pale verni inakuwaka nyembamba, sponji yangu ikatoka na weusi. Nikasimama. Verni ilikuwa imeisha, nilikuwa ninakula rangi. Fundi wa rangi alinikata dola 130 kwa kupaka ile kapo upya. Ilinichukua miezi miwili kumaliza lile deni.

Njo nikakaa chini, nikafungua kichwa changu cha kemia ambacho nilikuwa nimekiacha ku fakilte. Mchanganyiko wangu ulikosa kwa sababu tatu.

Ya kwanza: chembe kubwa njo inaamua. Ukichekecha mchanga laini wa kupiga lipu, halafu mtu akatupa konzi moja ya changarawe ndani, ukuta utachora mistari hata kama mchanga mwingine wote ni laini. Ni vilevile. Polishi inafuta alama za kompaundi kama inakuja nyuma yake, peke yake. Zikitembea pamoja, chembe kubwa inaendelea kukwaruza mpaka dakika ya mwisho. Tena kuko kompaundi ambazo chembe zake zinavunjika polepole na kuwa ndogo ukizifanyia kazi. Ukizitilia mafuta mengi ya polishi na nta, zinateleza tu, hazivunjiki vile fundi wake alipanga.

Ya pili: dawa hizi nyingi ni maji na mafuta yaliyoshikanishwa kwa nguvu. Kila kiwanda kina njia yake ya kuyashikanisha. Ukichanganya mbili zisizojuana, zinaweza kuachana, sawa maziwa yenye umetilia ndimu. Ile chupa yangu, kisha siku mbili, ilikuwa na maji juu na matope chini. Gari moja ilipata maji, ingine ikapata matope.

Ya tatu, na njo ile ya kudanganya: mafuta na nta vinajaza mabonde. Mwanga unapita sawa, jicho linaona kioo. Sabuni ikipita mara chache, mafuta yanaondoka na mabonde yanabaki. Sikumdanganya papa kwa kutaka, lakini pesa yake niliikula kwa mafuta.

Mutaniuliza: na zile chupa zenye zinafanya kazi yote kwa mara moja? Ziko, na zinafaa kwa gari yenye mikwaruzo midogo. Lakini mule mtengenezaji alichagua chembe, mafuta na nta vya kupatana. Hiyo haiko sawa na kumwaga chupa mbili mu ya tatu.

Leo ninafanya hivi. Ninaosha gari kwa ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuza kitambaa. Ninafanyia kazi mu kivuli, bati ikiwa baridi. Ninachagua kipande cha sentimita 50 kwa 50, ninajaribu polishi peke yake na sponji laini. Mikwaruzo ikiondoka, kompaundi haitoki mu kabati. Ikibaki, njo ninachukua kompaundi, kisha ninapangusa yote kabla ya polishi. Kila dawa na sponji yake: sponji yenye ilibeba kompaundi, ukitia polishi juu yake, umechanganya bila kujua. Kingo ninazifunika na skochi ya karatasi. Na mkwaruzo ambao ukucha unakwama ndani, ninauacha. Ninamwambia mwenye gari ukweli: huu ni wa fundi wa rangi.

Mwisho, kabla ya nta, ninapangusa na alkoli niliyoipunguza na maji. Inaondoa mafuta. Hapo ninamulika na taa ya simu. Kile kinaonekana pale njo kazi yangu ya kweli.

Yule papa angali mteja wangu. Kila mara, mbele ya kutoa pesa, anasimama karibu na kapo na kuniambia: «Mutoto, pangusa kwanza na ile alkoli yako, nione.» Na mimi ninapangusa, yeye akiangalia.

Wenye munafanya kazi hii ku Likasi, Kolwezi ao Kalemie, mutuandikie vile munafanya. Mutuambie na hasara zenu pia.