Mwamba wa Junagadh: Shahidi wa Historia ya India ya Kale

Magharibi mwa India, katika jimbo la Gujarat, uko mji wa kale uitwao Junagadh. Kando ya njia itokayo mjini humo kuelekea mlima Girnar pana mwamba mkubwa ambao siku hizi umejengewa nyumba ya kuukinga na jua na mvua. Anayeutazama kwa haraka huona mikwaruzo tu. Anayeutazama kwa makini hugundua kwamba mikwaruzo hiyo ni mistari ya maandishi iliyochongwa kwa patasi, na kwamba haikuchongwa na kizazi kimoja.

Maandishi ya kwanza ni ya mfalme Ashoka, aliyetawala katika karne ya tatu Kabla ya Kristo (K.K.). Ya pili ni ya mtawala Rudradaman, na yanasimulia mambo ya mwaka 150 Baada ya Kristo (B.K.). Ya tatu ni ya enzi ya mfalme Skandagupta, katika karne ya tano B.K. Hivyo mwamba mmoja umebeba ushahidi wa tawala tatu zilizopita katika muda wa miaka ipatayo 700. Mwanahistoria anaufanyia mwamba huu kazi ile ile afanyayo hakimu mbele ya shahidi: kwanza auelewe usemi wake, kisha aupime ukweli wake.

Kwa nini mawe?

Wahindi wa kale waliandika vitabu vingi juu ya majani ya mtende na magamba ya miti. Vitu hivyo huliwa na wadudu na kuozeshwa na unyevu, kwa hiyo kila baada ya muda ilipasa vinakiliwe upya. Mwenye kunakili aliweza kukosea, kuongeza neno au kuliacha. Aidha, vingi kati ya vitabu hivyo vilihusu dini, sheria, sarufi na fasihi, na ni vichache vilivyotaja miaka ya matukio.

Maandishi yaliyochongwa juu ya jiwe au bamba la shaba ni tofauti. Hayo yametufikia bila kupitia mikononi mwa wanakili wengi. Jiwe laweza kupasuka na herufi zake zaweza kufutika, lakini neno lililobaki ni lile lile lililochongwa siku ile. Tena jiwe kubwa halihamishwi kwa urahisi. Hivyo mahali lilipo ni sehemu ya ushahidi wake. Maandishi ya Ashoka yamepatikana kutoka Afghanistan hadi kusini mwa India, na kutokana na hayo wanahistoria wameweza kukadiria mahali ambapo amri zake zilifika.

Mwandiko uliosahauliwa

Hata hivyo, kwa karne nyingi shahidi huyu alikuwa kama bubu. Ashoka alitumia sana mwandiko uitwao Brahmi, ambao ndio chimbuko la miandiko mingi ya India ya leo. Kizazi baada ya kizazi herufi zilibadilika kidogo kidogo, hata ikafika wakati ambapo hakuna aliyeweza kuisoma ile ya zamani. Katika karne ya 14 Sultani Firuz Shah Tughluq alihamishia Delhi nguzo mbili za Ashoka. Wasomi wakaitwa wazisome, wakashindwa.

Aliyepata ufunguo alikuwa James Prinsep, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1799. Kazi yake ilikuwa kupima ubora wa madini katika kiwanda cha sarafu mjini Calcutta, na wakati huo huo alikuwa katibu wa chama cha wasomi, Asiatic Society, kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1784. Katika kazi yake alisaidiwa na wasomi wa Kihindi, miongoni mwao Pandit Kamalakanta Vidyalankar.

Mwaka 1837 Prinsep alikuwa akichunguza nakala za maandishi mafupi yaliyochongwa juu ya ua wa mawe wa mnara wa Kibuddha huko Sanchi, katikati ya India. Akaona kwamba karibu mistari yote ilimalizikia na herufi mbili zile zile. Akajiuliza: je, ni jambo gani ambalo watu wengi mbalimbali wangeliandika juu ya mawe ya mahali patakatifu? Akakisia kwamba kila jiwe lilikuwa sadaka, na kwamba neno la mwisho lilikuwa danam, maana yake “zawadi”. Kama ndivyo, basi maneno yaliyotangulia yalikuwa majina ya watoaji. Kisio hilo lilimpa sauti za herufi chache, na hizo zikamwongoza kwenye nyingine. Msomi Christian Lassen alikuwa amekwisha kuzitambua baadhi ya herufi mwaka mmoja kabla, kwa msaada wa sarafu iliyoandikwa kwa Kigiriki na kwa Brahmi. Kisio la Prinsep halikukubaliwa kwa kuwa lilikuwa la werevu. Lilikubaliwa kwa kuwa kila lilipojaribiwa juu ya jiwe jipya, maneno yenye maana yalitokea.

Maandishi makubwa yalipoanza kusomeka, yalimtaja mfalme aitwaye Piyadasi, “mpendwa wa miungu”. Hakuna aliyemjua. Mwaka ule ule wa 1837 George Turnour, aliyekuwa akisoma tarehe za kale za Kibuddha huko Sri Lanka, alionyesha kwamba Piyadasi lilikuwa jina jingine la Ashoka. Mwaka 1915 shaka iliondoka kabisa, kwani katika kijiji cha Maski, kusini mwa India, yalipatikana maandishi yaliyomtaja mfalme huyo kwa jina lenyewe la Ashoka.

Hesabu za miaka

Kusoma ni hatua ya kwanza. Kupata tarehe ni ya pili. Ashoka alihesabu miaka tangu kutawazwa kwake. Lakini yeye mwenyewe alitawazwa lini? Jibu limo katika amri yake ya 13, ambayo ni mojawapo ya zile zilizochongwa katika mwamba wa Junagadh. Ndani yake anawataja wafalme watano wa Kigiriki wa zama zake: Antiochus, Ptolemy, Antigonus, Magas na Alexander. Wafalme hao wanajulikana kutokana na historia ya nchi zao. Antiochus huyo, ambaye wataalamu wengi humchukua kuwa ni Antiochus wa Pili, alianza kutawala Syria mwaka 261 K.K.; naye Magas wa Cyrene, Afrika ya Kaskazini, alifariki karibu na mwaka 250 K.K. Basi habari hizo zilimfikia Ashoka kati ya miaka hiyo. Kwa njia hii wanahistoria wamekadiria kwamba alianza kutawala karibu na mwaka 268 K.K.

Maandishi mengine mawili ya mwamba huo yanatumia kalenda za India. Rudradaman anataja mwaka wa 72. Kalenda yake, iitwayo Saka, ilianza mwaka 78 B.K.; kwa hiyo 72 na 78 ni 150. Maandishi ya Skandagupta yanataja mwaka wa 136 wa kalenda ya Gupta. Al-Biruni, mwanachuoni wa Kiislamu aliyeandika juu ya India katika karne ya 11, alieleza kwamba kalenda hiyo ilianza miaka 241 baada ya ile ya Saka. Hivyo 78 na 241 ni 319. Na 319 na 136 ni 455. Hesabu hizi aweza kuzifanya mwanafunzi yeyote, na ndizo zinazoshikilia sehemu kubwa ya historia ya India ya kale.

Habari za ziwa

Tarehe zikishapatikana, mwamba unaanza kusimulia. Maandishi ya Rudradaman yanahusu ziwa la Sudarshana, jina lenye maana ya “zuri kutazamwa”, lililotokana na boma la kuzuia maji karibu na mlima Girnar. Yanaeleza kwamba boma hilo lilijengwa wakati wa Chandragupta, babu yake Ashoka, na kwamba katika enzi ya Ashoka mwenyewe liliongezewa mifereji. Kisha ikaja tufani. Mito ikafurika, boma likabomoka, na pengo lenye urefu wa dhiraa 420, upana kama huo na kina cha dhiraa 75 likafunguka. Maji yote yakatoka, na mahali pa ziwa pakawa kama jangwa. Washauri wa mfalme waliona kazi ya kulijenga upya ni kubwa mno wakaipinga, na watu wakakata tamaa. Hata hivyo Suvishakha, liwali wa mfalme katika jimbo hilo, aliitekeleza.

Miaka 305 baadaye boma lilibomoka tena wakati wa masika. Maandishi ya tatu yanaeleza jinsi Chakrapalita, mtoto wa liwali wa Skandagupta, alivyolitengeneza. Bila ya mwamba huu, nani angejua kwamba boma moja lilitunzwa na tawala mbalimbali kwa zaidi ya miaka 700?

Shahidi naye ahojiwe

Lakini shahidi hakubaliwi kwa kila alisemalo. Maandishi ya Rudradaman ni ya kumsifu. Yanadai kwamba mfalme alilijenga boma kwa fedha za hazina yake, bila kuwatoza wananchi kodi wala kuwatumikisha kwa nguvu. Kwamba boma lilijengwa ni hakika, maana lilikuwapo hata likabomoka tena mwaka 455. Kuhusu fedha hatuna shahidi mwingine. Hata hivyo sifa hiyo ina faida kwa namna ambayo mwandishi wake hakuikusudia: mtu hasifiwi kwa kuacha jambo lisilotendwa na wengine. Basi yaonekana kwamba kodi na kazi za shuruti zilikuwa desturi ya wafalme, na kwamba wananchi walizichukia.

Wakati mwingine ukimya nao ni ushahidi. Katika amri ya 13 Ashoka anaeleza kwamba katika vita vya kuishinda nchi ya Kalinga watu laki moja waliuawa, laki moja na nusu walihamishwa, na wengine wengi zaidi walikufa, naye akajuta. Tarakimu hizo ni za jumla, si za sensa. Lakini jambo la ajabu ni hili: huko Dhauli na Jaugada, katika nchi yenyewe ya Kalinga, amri hiyo haikuchongwa. Mahali pake ziliwekwa amri nyingine, zinazowaagiza maofisa wawatendee watu haki na kuwahesabu raia wote kama watoto wa mfalme. Mfalme alitangaza majuto yake mbali, lakini si mbele ya walioumizwa. Wanahistoria wanaendelea kujadiliana juu ya sababu yake.

Zaidi ya hayo, ziko hati za uongo. Wafalme wa India walipotoa ardhi, mara nyingi waliandika hati juu ya mabamba ya shaba yaliyotungwa katika pete yenye mhuri. Wahenga walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari”, na ambaye hakuwa na daftari mara nyingine alilibuni. Mtaalamu huitambua hati ya namna hiyo kwa njia mbili. Kwanza hulinganisha umbo la herufi na umri unaodaiwa, kwani kila zama ina mwandiko wake. Pili huitumia elimu ya nyota: hati nyingi hutaja siku ya juma, umri wa mwezi au kupatwa kwa jua, na mambo hayo huweza kuhesabiwa hata kwa miaka elfu iliyopita. Hesabu ikikataa, hati hutiliwa shaka.

Sauti za watu wengine

Maandishi hayakuachwa na wafalme peke yao. Huko Sanchi watoaji wa zawadi zile alizozisoma Prinsep walikuwa watawa wa kiume na wa kike, wafanyabiashara, akina mama wa nyumbani na mafundi. Wachongaji wa pembe za ndovu wa mji wa Vidisha walichonga sehemu ya mojawapo ya milango yake. Kusini zaidi, katika kuta za hekalu la Uttaramerur, maandishi ya Kitamil ya karibu na mwaka 920 B.K. yanaeleza jinsi wajumbe wa kamati za kijiji walivyochaguliwa kwa kura. Majina yaliandikwa juu ya vipande vya majani ya mtende, yakatiwa katika chungu, na mtoto akayatoa moja moja. Mjumbe aliyewahi kushika kazi bila kutoa hesabu hakuruhusiwa kuchaguliwa tena. Hapo pia mwanahistoria hana budi kuuliza ni nani hawamo: sharti la kumiliki ardhi na kuwa na elimu ya vitabu vya dini liliwaacha nje wakulima wengi na wanawake.

Kuhifadhi ushahidi

Idara ya mambo ya kale ya India ilianzishwa mwaka 1861, na kazi ya kunakili maandishi haijakwisha. Njia iliyozoeleka ni rahisi: karatasi iliyoloweshwa hubandikwa juu ya jiwe, hugongwa kwa brashi mpaka iingie katika mitaro ya herufi, kisha hupakwa wino. Mahali palipochongwa hubaki peupe. Siku hizi picha za kompyuta husaidia kuziona herufi zilizofifia. Haraka inatakiwa, kwa kuwa mvua, upepo na shughuli za binadamu huyala mawe kila mwaka, na jiwe lililopasuliwa ili lijengee nyumba halirudi tena.

Leo ziwa la Sudarshana halipo. Boma lililogharimu jasho la vizazi vingi limetoweka, na wataalamu hubishana hata juu ya mahali lilipokuwa. Kilichobaki ni mwamba ule njiani, pamoja na majina ya waliolijenga na waliolijenga tena.