Tawasifu ya Nani Uinunue?

Dukani, vitabu vya watu waliosimulia jinsi walivyozishinda shida zao hufanana kwa jalada: uso unaotabasamu na jina linaloahidi ushindi. Mwenye pesa ya kitabu kimoja tu achague vipi?

Afungue katikati, amtafute aliyemsaidia mwandishi.

William Kamkwamba wa Malawi aliacha shule kwa kukosa ada, njaa ya 2002 ilipobana, kisha akajenga kinu cha kuzalisha umeme wa upepo kwa vipuri vya baiskeli, mabomba ya plastiki na nguzo za mkaratusi. Sifa zimemwendea yeye, na anazistahili. Lakini katika The Boy Who Harnessed the Wind, kilichotoka 2009, yumo rafiki yake Gilbert aliyetoa hela ya dainamo, na imo maktaba ya shule ya msingi alikokuta kitabu kuhusu nishati chenye picha za vinu. Iondoe maktaba ile uone kama kinu kingesimama. Msomaji wa kitabu hiki anapata la kufanya, hata kama ni kupeleka vitabu shule ya jirani.

Wangari Maathai wa Kenya naye, katika Unbowed cha 2006, hajifichi nyuma ya Tuzo ya Nobeli. Anasimulia ufadhili uliompeleka Marekani kusoma mwaka 1960, na anasimulia talaka yake, pamoja na maneno yake juu ya jaji wa kesi hiyo yaliyomtia gerezani. Kurasa hizo zina uzito kuliko sherehe yoyote ya tuzo.

Wengine ni wa kutiliwa shaka. James Frey, Mmarekani, katika A Million Little Pieces, alidai kuacha ulevi na dawa za kulevya kwa ubishi wake mwenyewe, akiukataa hata utaratibu wa walevi kusaidiana. Oprah Winfrey alikipendekeza kitabu hicho 2005, kikauzwa kwa mamilioni. Januari 2006 ikabainika kuwa miezi mitatu aliyodai kukaa jela ilikuwa saa chache tu. Shujaa asiye na deni kwa mtu yeyote achunguzwe mara mbili.

Asiyetaka Kiingereza anaye Shaaban Robert, na Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Humo hamna ushindi wa kupigiwa makofi: ni karani wa serikali ya kikoloni, kafiwa na mkewe Amina, ana watoto wa kulea na tenzi za kuwausia. Aliyefiwa aanze na hicho. Kamkwamba anaweza kusubiri.