Shabaha ya Visu Haitaki Mti Mgumu

"Mwalimu, mti gani ni mgumu kuliko yote? Nataka kutengeneza shabaha ya kutupia visu, na nataka idumu."

Safari hii swali limeletwa na kijana wa Kamembe aliyekuwa amekwisha kununua ubao wa ribuyu uliovushwa kutoka Bukavu, mpana, uliokauka vizuri, unaofaa kabisa kutengenezea mlango wa mbele wa nyumba. Aliupigilia ukutani, akatupa, na kisu kikamrudia hadi miguuni. Sasa anataka mti mgumu zaidi: mvule, au mkaratusi mzee. Nafundisha useremala, na ribuyu na mvule naviheshimu kama seremala yeyote wa mpakani hapa. Lakini nimechoka kuona mbao nzuri zikiharibiwa, na vijana wakikoswakoswa na visu vyao wenyewe, kwa sababu ya imani moja isiyo na msingi: kwamba shabaha bora ni ile inayokataa kuumia.

Shabaha ipo ili iumie. Kazi yake ni kukisimamisha kisu, na kisu husimama kwa kuzama. Chukua kisu cha gramu 250 kinachokwenda mita 12 kwa sekunde: kimebeba jouli 18 za nishati, na lazima ziende mahali. Ncha ikizama sentimita mbili, nyuzi za mti hutengana, husuguana na chuma, na nishati huishia humo humo. Ncha ikigota baada ya milimita mbili tatu, sehemu ya nishati hiyo hubaki kwenye kisu, nacho huruka kurudi kilikotoka, yaani kwako uliyesimama mita tatu mbele yake. Halafu anatokea mshauri wa kusema, "Tupa kwa nguvu zaidi, kitaingia tu." Kasi ikiwa maradufu, nishati huwa mara nne. Mkiendelea kushauriana hivyo, siku moja mtampeleka mwenzenu hospitali ya Gihundwe akiwa ameshika jicho.

Kabla ya jina la mti, tazama ni upande gani wa mti unaotupiwa. Hapa ndipo karibu wote wanapokosea, wakiwemo maseremala wanaojua kazi. Ubao uliopasuliwa kwa urefu wa gogo una nyuzi zilizolala. Ncha ikitua ubavuni hapo, ama itazikata nyuzi, na mti mgumu haukubali kukatwa kirahisi, ama itaingia sambamba nazo na kufanya kazi ya kabari, ubao upasuke toka juu hadi chini. Kwenye kichwa cha gogo mambo ni mengine. Uso ule unaoachwa na msumeno uliovuka shina, wenye miduara ya umri wa mti, una nyuzi zilizosimama zikikutazama, mithili ya njiti za fagio la chelewa ukiliangalia kwa nchani. Ncha ya kisu hupita katikati yake. Ukikichomoa, nyuzi nyingi hazijakatika, zimesukumwa kando tu, na mti ukiwa bado una unyevu zinasogeleana tena. Ndiyo maana kwenye mashindano ya kutupa visu Ulaya na Marekani utaona vigogo vya mviringo, miduara ikiwaelekea watupaji.

Asiyeniamini na akitazame kibao cha vishale, ule mchezo wa baa za Uingereza. Zamani vilikuwa vipande vya mti wa elm, uso wa kichwa mbele, na mwenye baa alivilaza ndani ya maji usiku ili matundu yazibe kabla ya wateja wa kesho. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Nodor ikaanza kutumia katani: mafungu ya nyuzi zilizobanwa pamoja na kukatwa, ncha zake zikielekea kwa mchezaji. Kishale kinatenganisha nyuzi, kinatolewa, nyuzi zinarudi. Vibao hivyo leo vinatengenezwa Kenya, kwa zao la mkonge ambalo Richard Hindorf alilileta pwani ya Tanga kutoka Florida mwaka 1893. Hakuna aliyefikiri kuweka chuma au mpingo mahali pa katani. Watengenezaji walitafuta kitu kinachoachia njia na kuirudisha, wakakipata katika jani la mmea wa shambani kwetu.

Mwingine atasema: sawa, kigogo, lakini kwanza nikikaushe miezi sita kama mbao za kabati. Hapana! Kabati linahitaji mti mkavu kwa sababu halitakiwi kusogea. Kigogo cha shabaha kinahitaji maji yake. Mti huanza kunywea unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30, na hunywea kuizunguka miduara karibu mara mbili ya unavyonywea kuelekea kiini. Kipande cha mviringo hakina namna ya kutii sheria mbili kwa pamoja, kwa hiyo kinapasuka, ufa mmoja mpana kutoka ukingoni hadi katikati. Ukikianika juani, umeuharakisha ufa huo.

Na mkaratusi, ambao kila kilima cha Rusizi kinao na kila mtu anautaja kwanza, ni mbaya mara mbili. Mti huo hukua ukiwa umejibana ndani: sehemu ya nje inavutika, ya katikati inasukumwa. Siku unapokatwa mbano huo huachia, na kichwa cha gogo hupasuka kwa umbo la nyota kabla hata hujalifikisha nyumbani. Kila mchoma mkaa ameliona hilo. Ukisubiri ukauke, unapata kitu kigumu kama ribuyu ya yule kijana, chenye nyufa juu yake. Mkaratusi ni nguzo nzuri na kuni nzuri. Uacheni huko.

Kisha kuna oili chafu ya gari. Wanaipaka ili "mti ushibe". Wanachopata ni shabaha yenye utelezi, visu vyenye utelezi, na mikono inayoshika vyuma vyenye makali huku inateleza. Nyuzi zinataka maji, na maji ya Kivu ni bure.

Basi, vya kufanya. Tafuta mti laini na mbichi. Msindano, aina ile iliyopandwa kuzunguka Nyungwe, una uzito wa takriban kilo 450 kwa mita moja ya ujazo ukikauka, na ndio rahisi kupata. Saipresi inafaa. Umwungo ni mwepesi zaidi na unapokea kisu vizuri sana, ingawa huchakaa haraka. Grevilea ya mashambani inafaa ikiwa bado mbichi. Umuko nao ni laini, lakini wazee wengi wanauheshimu kwa sababu ya Ryangombe wa imani za jadi, kwa hiyo uache. Usikate mti bila kibali, ulizia ofisi ya umurenge wako kwanza, na ndani ya hifadhi ya Nyungwe, iliyoingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2023, usiguse hata tawi. Afadhali uende wanakopasua mbao ukaombe mabaki.

Ukipata gogo la kipenyo cha sentimita 50, likatwe unene wa sentimita 20 hadi 25, lifungwe utepe wa chuma pembeni. Misindano minene hivyo ni shida kupata, kwa hiyo wengi wenu mtatumia njia ya pili, ambayo naipenda zaidi: kusanya mabaki ya boriti za sentimita 10 kwa 10, yakate yote urefu wa sentimita 20, yapange vichwa vikiwa mbele, matano kwa matano, uyabane ndani ya fremu ya mbao kwa bolti ndefu upande huu hadi ule. Yakinywea, kaza nati. Bolti zipite kwenye fremu, juu na chini ya vipande, kamwe zisipite kati yake. Msumari wowote usionekane mbele: ncha ikigonga chuma, kisu kinaruka usikokujua.

Katikati ya shabaha iwe usawa wa kifua chako, kama mita 1.4 kutoka chini, juu ya miguu mitatu mizito iliyoegemezwa kidogo nyuma. Nyuma yake tundika zulia kuukuu au godoro lililochakaa. Usiweke mabati, ukuta wa mawe wala tairi. Tairi hasa: raba inarudisha kisu kuliko mti wowote niliowahi kuupasua. Watazamaji wakae nyuma ya mtupaji, hakuna anayekwenda kuchomoa kabla ya wote kumaliza kutupa, na viatu vya kufunika vidole vivaliwe, kandambili hapana. Watoto wadogo na kuku wafungiwe upande mwingine wa nyumba.

Jioni mwagia maji uso wa shabaha na uufunike gunia bichi. Kila wiki kizungushe kigogo robo mzunguko ili pigo lisiangukie sehemu moja. Bugarama, kwenye joto, mwagieni asubuhi pia, na msiziache chini: mchwa watazila kabla ya visu. Kwenye shabaha ya vipande, vya katikati ndivyo vitakavyokwisha kwanza. Legeza nati, vitoe, ingiza vipya, kaza. Vilivyotoka viende jikoni.