Usiku wa Grenoble uliosaidia kubadilisha kipimo cha kilo

Ilikuwa karibu saa nane za usiku, tarehe 5 mwezi wa pili mwaka wa 1980, mjini Grenoble, inchini Ufaransa. Mtafiti Mjerumani Klaus von Klitzing, mwenye miaka 36, alikuwa akipima namna elektroni zinavyopita katika tabaka nyembamba sana ya silikoni, ndani ya baridi kali na sumaku ya karibu tesla 20.

Alipoongeza idadi ya elektroni, ukinzani wa umeme uliopimwa upande kwa upande haukushuka polepole. Ulishuka kama ngazi: omu 25 813 hivi, ikigawanywa kwa 2, kwa 3, kwa 4. Kipande cha silikoni kikiwa kirefu ao kifupi, kisafi ao chenye kasoro, hesabu ilibaki ile ile. Mwaka wa 1985 alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia.

Wakati huo, kilo ya dunia nzima ilitegemea kipande kimoja cha platini na iridi kilichofungiwa karibu na Paris tangu mwaka wa 1889. Kilipolinganishwa na nakala zake, tofauti ya karibu mikrogramu 50 ilionekana.

Tangu tarehe 20 mwezi wa tano mwaka wa 2019, kilo inatokana na namba za maumbile zisizobadilika. Mizani maalumu hulinganisha uzito na nguvu ya umeme, na ukinzani wa umeme huo unahakikishwa kwa ngazi za von Klitzing.

Mama anayeuza maharagi sokoni haoni tofauti. Lakini kilo yake haitegemei tena chuma kinachoweza kuchakaa.